Mtundulu Haumalizwi na Panga

Ukitoka Dodoma kwenda Singida, ukishaipita Bahi, barabara inakata tambarare ndefu ya udongo mzito kabla ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Kintinku, nyumbani kwetu, ipo huku chini, kando ya Reli ya Kati. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwa nzuri mabonde yanajaa maji na watu wanalima mpunga. Mvua zikikatika ardhi inapasuka, na ng'ombe wanaanza safari ndefu za kutafuta malisho.

Safari hizo zinazidi kurefuka kwa sababu ya mti mmoja. Sisi tunauita mtundulu, wanabotania wanauita Dichrostachys cinerea. Si mti mkubwa. Vitawi vyake vinaishia kwenye miiba migumu inayotoboa ndala na tairi la baiskeli. Ua lake linaning'inia, upande wa juu rangi ya zambarau iliyopauka, upande wa chini njano. Mgeni akiliona anapiga picha. Mchungaji akiliona anageuza ng'ombe.

Ninasoma shahada ya uzamili Morogoro, na darasani tunazungumza sana kuhusu mimea vamizi. Mifano huwa ya mimea iliyoletwa. Tunataja gugu karoti, ambalo asili yake ni bara la Amerika na sasa linasumbua Arusha na Kilimanjaro. Tunataja mathenge wa Baringo, Kenya, uliopandwa miaka ya 1980 ili uwape watu kuni na kivuli, ukaishia kuziba malisho mpaka wakazi wakaenda mahakamani, na mbuzi aliyeharibika meno akawa kielelezo cha kesi. Hadithi za namna hiyo ni rahisi kusimulia kwa sababu mkosaji ana pasipoti ya nje.

Mtundulu hauna pasipoti. Ni wa hapa hapa. Umekuwepo tangu zamani, mmoja mmoja, ukiwapa watu mizizi ya dawa, nguzo zisizoliwa na mchwa upesi na kuni zinazowaka polepole. Kilichobadilika ni kinachouzunguka. Ng'ombe wengi wakikaa muda mrefu mahali pamoja, nyasi zinakwisha. Nyasi zikikwisha, miche ya mtundulu haina wa kushindana naye, na moto wa kiangazi uliokuwa ukiichoma ikiwa midogo unakosa cha kuunguza. Wakati huo huo mifugo inakula maganda yake matamu na kuzipeleka mbegu kila inakopita, zikiwa na mbolea yake. Hakuna aliyeuleta. Tuliufungulia mlango tu.

Kiangazi kilichopita vijana wa kijijini walianza kuufyeka kwenye eneo lililotengwa na wazee ili nyasi na miti mingine irudi. Nilikuwa likizo, nikaungana nao. Tulikuwa kama ishirini hivi: waendesha bodaboda, wasichana waliomaliza kidato cha nne, akina mama wawili waliokuja na mashoka yao wenyewe. Glavu hatukuwa nazo, tulifunga vitambaa vya kanga mikononi. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kukoma saa nne, jua linapokuwa kali. Tulikata, tukakokota matawi, tukayapanga kuwa boma ili mifugo isiingie.

Siku ya tatu babu alikuja na fimbo yake kutuangalia. "Mbukwenyi," akatusalimu, nasi tukaitikia. Akatembea kati ya visiki, akainama, akagusa kimoja.

"Mjukuu wangu, mnaukata au mnaupogolea?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Huu ukiukata mmoja, mizizi inaleta watano. Mvua ikinyesha mtaona. Basi niambieni, mvua ikinyesha nani atakuwa hapa?"

Hakuna aliyejibu. Swali lilikuwa zito kuliko alivyokusudia, maana karibu kila mmoja wetu alikuwa na mahali anapotaka kwenda.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote cha ikolojia. Ana shahada ya ualimu. Kwa mwaka wa tatu sasa anafundisha kwenye shule ambayo haijamwajiri. Anapewa nauli pale inapopatikana, na ahadi ya kukumbukwa nafasi zikitoka. Kwa lugha ya siku hizi, anajitolea. Tulikuwa tumekaa kivulini tunakunywa maji nilipomwambia kwamba kuona vijana wengi wamejitolea hivi kunatia moyo.

"Dada," akasema, "hilo neno kwako na kwangu si moja. Wewe unajitolea wiki mbili, halafu unarudi chuo. Mimi nimejitolea miaka mitatu kwa sababu sina pa kurudi. Nikisikia mtu anasema vijana wajitolee, najua hataki kulipa."

Aliyasema bila hasira, kisha akanyanyuka akachukua panga. Ndiye aliyekuwa akiwahi kuliko wote kila asubuhi. Nikamuuliza, kama ndivyo, kwa nini anakuja? Akasema shule inaweza kumwambia kesho asije, lakini hapa hakuna wa kumfukuza.

Nimelibeba jibu hilo hadi leo. Tunapohesabu gharama za kurudisha uoto tunaandika mapanga, miche, mafuta ya gari. Mikono tunaipigia bei sifuri, tunaita kujitolea. Lakini mtundulu unadai mikono ile ile mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, na mikono yenye njaa huhama.

Nchi hii ya Wagogo ina somo la kazi ya kusafisha pori inayoanza kwa kishindo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, wakitaka hatimaye kulima ekari zaidi ya milioni tatu, zikiwemo za Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Mizizi iliwavunjia vyuma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikakosekana. Mwanzoni mwa 1951 serikali yao ikatangaza mwisho wa mradi, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Kwao kichaka kilikuwa adui wa kushindwa mara moja kwa nguvu kubwa. Hawakuuliza swali la babu.

Na mtundulu wenyewe umesafiri. Uko Kuba, unaitwa marabú, na huko ni mgeni kweli. Umefunika zaidi ya hekta milioni moja, hasa mashamba ya miwa na malisho yaliyotelekezwa. Wakuba wameupiga vita miongo mingi. Mwishowe wengi wakaamua kuuchoma mkaa, na Januari 2017 Kuba ikakubaliana kuiuzia Marekani tani 40 za mkaa huo, biashara ya kwanza ya namna yake baina ya nchi hizo baada ya zaidi ya nusu karne. Nilipomsimulia babu alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mti wetu umefika Marekani kabla yako!"

Nikacheka naye, lakini kuna kitu nilikiona katika habari hiyo. Kule Kuba anayekata ana sababu ya kurudi kesho, kwa kuwa kuni zile ni zake na zina bei. Hapa kwetu mkaa una hatari zake, maana anayeanza na mtundulu anaweza kuishia kwenye mkwaju na mgunga. Hata hivyo kanuni inabaki: pori linalindwa na mtu anayepata kitu kwa kulirudia.

Jirani zetu wa Dodoma wanafanya kazi inayofanana na hii, ingawa ukiitazama haraka inaonekana kinyume. Inaitwa Kisiki Hai. Mkulima hapandi mche. Anatafuta kisiki cha mti wa asili kinachochipua shambani, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogolea mengine, anafunga kitambaa ili kila mtu ajue mti huu una mwenyewe, kisha anaulinda. Mbinu hiyo Tony Rinaudo, mtaalamu kutoka Australia, aliifanyia kazi Niger kuanzia 1983, alipogundua kwamba alichodhani ni vichaka kilikuwa msitu uliokatwa, mizizi yake ikiwa hai ardhini. Mizizi ile ile inayotushinda kwenye mtundulu ndiyo inayorudisha mti tunaoutaka. Panga ni moja. Kinachotofautisha ni jicho linalochagua na mguu unaorudi.

Mvua za kwanza zilinyesha Desemba nikiwa Morogoro. Mdogo wangu akanitumia picha kwenye simu. Kila kisiki kilikuwa kimevaa machipukizi, na katikati ya visiki, mahali ambapo hatukuacha kitu, mizizi ilikuwa imetoa mengine. Babu alikuwa sahihi hata kwenye hesabu. Lakini kwenye picha ya pili, chini ya machipukizi hayo, kulikuwa na majani membamba ya nyasi.

Walikaa kikao chini ya mbuyu. Wakakubaliana eneo ligawanywe vipande, kila kaya na kipande chake. Kuni za mtundulu za kipande hicho ni za kaya hiyo, na nyasi zikikomaa kaya hiyo ndiyo itakayozikata kwanza. Mbuzi wataingizwa kwa zamu kula machipukizi mapya yangali laini, kisha watolewe kabla hawajagusa miche mingine. Miti ya kubaki imefungwa vitambaa. Hakuna aliyetumia neno kujitolea.

Bado si ushindi. Mvua zikiwa mbaya mifugo itavunja boma, na mdogo wangu akipata ajira atapelekwa mbali, nami namwombea aipate. Ndiyo maana daftari la zamu ameliacha kwa shangazi, ambaye hajawahi kufikiria kuhama Kintinku. Wiki iliyopita nilimpigia kumsalimu. Akaniuliza kama nimekula, kisha akaniambia nikate simu, kwani ilikuwa zamu yake na jua lilikuwa linapanda.