Moyo wa twiga, chini ya Mlima Meru

Julai mwaka jana tulishuka KIA tukiwa na watoto wawili, tukaenda kwa mama yangu, Usa River. Binti yetu ana miaka 12. Amezaliwa Reading, Uingereza, na Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Shule ya Jumapili walikuwa wamefundishwa somo la twiga na Muumba wake, kwa hiyo tembo na simba hawakumhusu. Alitaka twiga tu.

Kwa twiga huna haja ya kwenda Serengeti. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko jirani kabisa: unaiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Usa River, unapanda kuelekea mlimani. Mbega wapo msituni, na kwenye maziwa ya Momella kuna heroe. Lakini mimi naipendea jambo moja, kwamba unaweza kushuka garini ukatembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Bunduki yake ni kwa ajili ya nyati. Mdogo wake tulimwacha kwa bibi, maana matembezi hayo si ya watoto wadogo.

Tuliwakuta uwandani, tisa au kumi, wakila migunga. Asiyewahi kusimama chini akiwa karibu na twiga hajamwona twiga. Dume hufika mita 5 na zaidi, lakini kinachokushangaza ni ukimya. Ulimi mweusi unatoka, unajipinda kati ya miiba, majani yanaondoka, na husikii kitu.

"Shikamoo, Anko," binti akamwambia askari. "Ni kweli shingo yake ina mifupa 7 kama yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Ni 7, ila mfupa mmoja ni mrefu kama mkono wako huu, kiwiko mpaka kiganja."

Akaendelea kutueleza huku tukitembea polepole. Moyo wa twiga unaweza kufika kilo 11 hivi, na presha yake ni kama mara mbili ya ya mtu. (Nikamfikiria mama na vidonge vyake.) Bila presha hiyo damu isingefika kichwani. Sasa akiinama kunywa maji, mbona kichwa hakipasuki? Mishipa ya shingo ina vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi kichwani, na chini ya ubongo kuna wavu wa mishipa midogo unaopunguza nguvu ya damu. Miguuni ngozi ni nene na imebana, kama zile soksi tunazovaa kwenye ndege ili miguu isivimbe.

Binti alisikiliza, akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Anko aelewe: "Kwa hiyo kwa twiga Mungu alikumbuka kila kitu. Mbona moyo wangu aliuacha na tundu?"

Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alifanyiwa upasuaji kabla hajatimiza mwaka, likazibwa kwa kiraka, na leo anaogelea kuliko kaka zake wa kwa shangazi. Lakini swali hilo hajawahi kuniuliza.

Nikamjibu haraka kwamba Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili. "Hilo ulishaniambia, Mama," akasema.

Askari alikohoa. "Mimi si mchungaji, mwanangu. Ila mtoto wa twiga akizaliwa anaanguka kutoka juu, karibu mita 2, na ndani ya saa moja anasimama. Hayo mlifundishwa?"

"Ndiyo."

"Na kwamba wengi hawafikishi mwaka?"

Hilo hakufundishwa. Mimi nami nimewahi kufundisha Shule ya Jumapili, na nakiri masomo yetu ya wanyama huwa tunayakata pale yanapopendeza. Mtoto mwenye kovu kifuani anaona tulipokata.

Jioni nilimsimulia mama. Hakushtuka. Alivaa miwani, akafungua kitabu cha Ayubu, akamwita mjukuu akae naye mkekani. "Huyu naye aliuliza kama wewe, tena kwa hasira. Mungu alipomjibu hakumpa sababu. Alimwonyesha nyota, akamwonyesha mbuni, punda mwitu, farasi, mwewe."

"Na twiga?"

Bibi akapitisha kidole kwenye mistari, sura ya 39 yote, akarudi mwanzo. "Twiga hayumo."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akavua miwani. Mwaka ule wa upasuaji hakuweza kuja Uingereza; alifunga siku tatu hapa hapa, na habari alizipata kwa simu.

"Nilikuwa naombea tundu nisilojua liko wapi," akasema. "Hebu nionyeshe."

Binti akafungua vifungo viwili vya juu. Bibi akalifuata kovu kwa kidole, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe ni refu hivi," akasema. "Haya, niambie tena. Moyo wa twiga kilo ngapi?"