Tulipompeleka binti yetu staji Lwiro

Wiki hii nataka kuwasimulia safari fupi, ya kilometa 45 hivi, ambayo ilinifundisha mambo mengi kuhusu watoto wetu wanaosomea udaktari na kuhusu mimi mwenyewe.

Kifungua mimba wangu anamaliza masomo ya udaktari. Miaka yote amekaa darasani, lakini kabla ya kuitwa daktari anapaswa kupita kwa wagonjwa katika idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi na watoto. Hiyo ndiyo staji. Ya watoto ndiyo aliyoipenda tangu zamani. Aliandika barua kwa hospitali moja kubwa ya mjini, akaipeleka mwenyewe, akaambiwa angoje. Alingoja wiki tano. Aliporudi kuuliza, barua haikuonekana, na nafasi zilikuwa zimejaa.

Mwenzake akamwambia: "Mbona usiombe Lwiro? Kule kuna hospitali ya watoto."

Mimi nilikataa. Nilisema barabara haina usalama kila siku, atalala wapi, atakula nini. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini si yote. Moyoni niliogopa majirani waseme: mtoto wa fulani amekosa nafasi mjini, ametupwa kijijini. Wamama, tusifichane, tunayajua hayo.

Baba yake akasema kwa upole: "Mama, nenda naye ukaone kwa macho yako, ndipo ukatae." Basi tukauliza kwanza habari za barabara kwa watu waliotoka huko siku ile, kisha tukapanda gari asubuhi na mapema.

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini unapita soko la Mudaka, wamama wamepanga ndizi, maharagi na sambaza wa ziwa Kivu. Unafika Miti, ambako njia nyingine inapanda kwenda mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha Kavumu penye uwanja wa ndege. Kabla ya Katana unaiacha barabara kubwa na kupanda upande wa milima. Tulichukua pikipiki, mzigo wa binti mbele ya dereva, godoro mgongoni mwangu kama mtoto.

Lwiro inashangaza. Katikati ya mashamba unaona majengo makubwa ya matofali na miti mirefu. Ni kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walianza mwaka 1947. Siku hizi pana pia makao ya sokwe mayatima, yaliyoanzishwa mwaka 2002. Lakini sisi tulikuwa tumefuata hospitali ya watoto.

Kwa miaka mingi mahali hapa pamejulikana kwa kutibu utapiamlo, ule ambao sisi huku Bushi tunauita bwaki. Watoto waliotibiwa Lwiro kati ya 1988 na 2007 walitafutwa tena wakiwa watu wazima, ili ijulikane njaa ya utotoni inaacha alama gani katika mwili na akili. Na jina kwashiorkor, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia, lilitoka kwa wamama. Daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alilisikia kwao alipofanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, akaliandika mwaka 1935. Walimweleza kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Aliwasikiliza, na dunia ikajifunza.

Pale kwenye baraza tulikaa karibu na mama mmoja kijana. "Asinge," nikamsalimu, akaitika. Mtoto wake wa miaka miwili hivi alikuwa na uso mnene na miguu iliyovimba. Akaniambia: "Mama, nilifikiri ananenepa. Nilifurahi." Halafu akanyamaza.

Binti yangu akapiga magoti. Akabonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, polepole, akahesabu, akaachilia. Vishimo vikabaki. Akatuonyesha sote wawili, akaeleza: vishimo vikibaki miguu yote miwili, si unene, ni maji, usingoje, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akaeleza pia kwamba mtoto kama huyo hashibishwi ghafla. Anaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, mchana na usiku, mpaka mwili upate nguvu ya kupokea chakula kingi. Nimelea watoto sita na sikuyajua hayo.

Yule mama akamwuliza: "Dokta, kesho utakuwa hapa?"

Binti hakujibu. Aliniangalia mimi. Nikasema: "Atakuwepo."

Siku hiyo hiyo barua yake ilipokelewa. Tulipata chumba kwa mama mjane karibu na hospitali. Mtoto wangu alikaa miezi miwili, akarudi amekonda kidogo, kitabu chake cha staji kimejaa sahihi, na mazungumzo yake yote ni watoto.

Kwa mama mwenye mtoto katika masomo haya, nashauri hivi. Aanze kuomba miezi kadhaa mbele, na aombe hospitali zaidi ya moja. Aende na barua ya chuo chake na barua ya kuomba kwa mganga mkuu, kila moja nakala mbili. Nakala ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, airudishe nyumbani. Kama tungefanya hivyo mjini, barua isingepotea bure. Aulize mapema nani atamsimamia na nani atatia alama, ili chuo kisikatae baadaye. Achanjwe hepatiti B kabla ya kugusa wagonjwa. Abebe koti jeupe mawili, stetoskopu, neti ya mbu, taa, na unga wa siku za kwanza. Na mzazi akiweza, aende akapaone.

Na kwa vikundi vyetu: wanafunzi wengi wanaachilia staji ya mbali kwa sababu ya chumba na chakula tu. Kikundi kilicho karibu na hospitali kinaweza kumpokea msichana mmoja kwa zamu, naye jioni akatufundisha kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wenye rangi tatu. Rangi nyekundu ikitokea, hatungoji kesho.

Yule mtoto wa barazani alitoka hospitali kabla binti yangu hajarudi. Miguu ilikuwa imekonda, na alikuwa analia akitaka bugali. Mama yake, naambiwa, alicheka mpaka machozi.