Metali Ilipofungua Mlango

Anayetaka kujua masikio ya Kawangware yalilelewa na nini, na asimame mchana stejini 46. Matatu zinashindana kwa honi na besi, fundi wa milango anakata chuma kwa grainda, posho mill inanguruma, na kanisa la mabati limeelekeza spika zake barabarani hata siku ya kazi. Katikati ya kelele hiyo ndipo nilipopenda hevi metali.

Muziki wenyewe ulitufikia kupitia redio ya XFM, na kwa CD za kunakili zilizopita mkono hadi mkono. Nyumbani ilikuwa vita. Mama alikuwa mtu wa kanisa, na hofu ya kizazi chake haikutoka hewani: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilipofika bungeni mwaka 1999, kila mzazi alikuwa na sababu ya kupekua begi la mwanawe. Fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa ilitosha kuitiwa mchungaji.

Kwa hiyo inashangaza kwamba bendi ya kwanza niliyoisikiliza kwa karibu ilifanyia mazoezi kanisani. Vijana wa mtaa walipewa chumba cha nyuma siku ambazo hapakuwa na kesha. Ngoma zilikuwa za kwaya. Gita lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na taa nyekundu ya kuonya iliwaka tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ule mkwaruzo ambao bendi za ng'ambo huulipia pesa nyingi, wao waliupata kwa kuvizidishia vyombo mzigo. Mwimbaji aliikumbatia maikrofoni kwa viganja vyote viwili, akainama, akaunguruma kutoka tumboni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Stima ikipotea, mpiga ngoma aliendelea peke yake gizani.

Walikuwa hodari, lakini walijifungia. Kila wimbo ulipimwa kwa rula ya Marekani, na neno lililotajwa kuliko yote lilikuwa "hiyo si metali." Mwaka 2011 Metallica walipotoa Lulu pamoja na Lou Reed, aliyewahi kuongoza Velvet Underground, mashabiki duniani walikasirika, na huku kwetu hasira haikuwa ndogo. Mimi albamu ile ilinishika. Mzee wa miaka 69, asiyeimba bali anayesema maneno kwa sauti kavu, anavaa nafsi ya mwanamke kutoka tamthilia za Mjerumani Frank Wedekind, huku magita yakipita kwa njia yao bila kumsubiri. Hakuna anayemfuata mwenzake. Wengi waliita hilo kasoro. Kwangu ndilo lililoipa uhai. Miaka mitatu baadaye Scott Walker, nyota wa pop wa miaka ya 1960, akatoa albamu ya Soused na bendi ya Sunn O))), na katika wimbo wa kwanza mjeledi unalia kama chombo cha muziki. Nilitamani mtu wa Nairobi athubutu namna hiyo.

Waliothubutu walikuwa wawili. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoka bendi ya Lust of a Dying Breed. Sam Karugu alitoka Seeds of Datura. Wakaungana wakawa Duma, wakaenda Kampala katikati ya 2019, wakarekodi kwenye studio ya Nyege Nyege, na Agosti 2020 albamu ikatoka. Hakuna mpiga ngoma aliyeketi pale. Karugu alileta gita na mashine, midundo ikakimbia kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi, na juu yake Khanja akapasua koo. Niliposikia "Lionsblood" nilitambua grainda, nikatambua spika ya matatu inayokaribia kupasuka. Na kulikuwa na sababu ya kimfuko pia: bendi ya watu watano inahitaji ngoma, amplifaya, chumba na jirani mvumilivu, lakini laptopu inakaa kitandani kwenye chumba cha kupanga.

Uganda nako hakukuwa kimbilio la starehe. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, padri wa zamani, alijaribu kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege, la wenye studio ile, huko Jinja, kabla ya kulegeza msimamo. Hofu ile ile ya Mama, ila sasa ina wizara.

Baada ya Duma milango haikufungwa tena. Mwaka 2021 Mjapani Shigeru Ishihara, akitumia jina la Scotch Rolex, alitoa Tewari, na Khanja akaimba humo kama mgeni, sambamba na MC Yallah wa Uganda. Yaani sauti ya metali ndiyo iliyoalikwa kwenye nyumba ya watu wengine. Mwaka 2024 Khanja akatoa The Adept kupitia lebo yake, Haekalu, akiwa na wageni kama Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Kwa masikio yangu wageni wamezidi, na narudi zaidi kwa Duma. Ila The Adept ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu.

Mama aliisikia kwenye simu yangu akiwa anachambua sukuma wiki.

"Huyo mtu anaumwa wapi?"

"Haumwi, Mama. Anasema yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima."

Mama ni wa Nyeri. Hakuhitaji kuelezwa habari za field marshal wa kike wa Mau Mau, aliyekaa msituni hadi uhuru wa 1963, akafuga rasta zake mpaka Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa mwaka 2022, akafariki Septemba 2023. Aliweka kisu chini.

"Weka tena."

Hakuupenda wimbo, na alisema hivyo. Lakini aliusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama maneno yameandikwa mahali ayasome.

Yule mpiga ngoma wa kanisani siku hizi anatengeneza midundo kwenye laptopu, hapo hapo Kawangware. Mwimbaji anayemtaka hajawahi kusikiliza metali: ni mama anayehubiri kwa megafoni karibu na steji, mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya vumbi. Amemwomba ruhusa ya kumrekodi. Mama huyo amekubali kwa sharti moja, kwamba asikie kwanza kitakachowekwa chini ya sauti yake.