Mtoto si Mali

Adrian Atiman aliibwa karibu na Timbuktu angali mtoto, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista hata kufa kwake, mwaka 1956.

Ndugu wasomaji, hapa Bukavu twasema utumwa umekwisha. Lakini wazazi maskini wa vijijini huwatoa watoto wao kwa ahadi ya shule, nao wakifika mjini huchota maji na kulea watoto wa wengine, bila daftari wala mshahara. Tukimwona mtoto kama huyo, tumwulize mwenye nyumba: Wazazi wake wajua alipo? Asoma wapi? Tusione haya. Waliomkomboa Atiman hawakumpita kimya.