Kipimo Kilichotudanganya

Kila mwalimu wa hisabati huwaonya wanafunzi wake wasikubali jibu lolote kabla ya kulipima kwa akili. Mtoto akiandika kwamba ndoo ya lita 10 imetiwa lita 14, hurudishiwa daftari lake mara moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi sisi wakufunzi, tunaoifundisha kanuni hiyo, tulivyoivunja, na mwanachuo mmoja akabeba mzigo wa kosa letu.

Chuoni petu alama za wanachuo, pamoja na picha na kazi zao za miaka mingi, zimo katika hifadhidata ya PostgreSQL, ndani ya seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa kuhofia seva isije ikaelemewa wakati wa mitihani, tuliandika programu ndogo ya ulinzi. Kila baada ya dakika 5 programu hiyo ilijumlisha kumbukumbu iliyotumiwa na michakato yote ya hifadhidata. Jumla ilipozidi gigabaiti 7, iliusimamisha kwa nguvu mchakato uliokuwa mkubwa kuliko yote. Tuliona kwamba tumefanya jambo la busara.

Wiki ya kuingiza alama ilipofika, hifadhidata ilianza kuanguka. Wote waliokuwa kazini walikatiwa mawasiliano kwa pamoja, na alama ambazo zilikuwa hazijathibitishwa zikapotea. Daftari la matukio la seva lilionyesha kila mara kwamba mchakato mmoja umeuawa kwa ishara namba 9, na aghalabu mchakato huo ulikuwa wa mwanachuo wa mwaka wa pili aliyetusaidia kuandaa taarifa za miaka iliyopita. Tukahukumu upesi. Tulimkemea mbele ya wenzake kwamba hana uangalifu, kisha tukamwondoa katika kazi ile.

Hifadhidata iliendelea kuanguka. Safari hii mchakato uliouawa ulikuwa wa mmoja wetu.

Siku iliyofuata mwanachuo yule alitujia na karatasi mkononi. "Shikamooni, walimu. Naomba kuuliza," alisema kwa adabu. "Seva ina gigabaiti 8. Programu ya ulinzi imeandika kwamba hifadhidata peke yake ilitumia 11. Hizo 3 za ziada zilikaa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ilitubidi tuanze upya, kama wanafunzi.

PostgreSQL huanzisha mchakato mmoja kwa kila mtu anayejiunga nayo, lakini michakato yote hutumia eneo moja la kumbukumbu kwa pamoja. Eneo hilo tulilitengea gigabaiti 2. Kipimo tulichokichagua huhesabu kila ukurasa wa kumbukumbu ambao mchakato umeugusa, uwe wake peke yake au wa pamoja. Kwa hiyo, watu 10 walipolisoma eneo lile lile, programu yetu ililihesabu tena na tena, ilhali nusu ya kumbukumbu ya seva ilikuwa wazi. Tena, aliyesoma kumbukumbu nyingi zaidi ndiye aliyeonekana kuwa mkubwa zaidi. Mwanachuo yule aliadhibiwa kwa sababu ya bidii yake.

Mbona wote waliangushwa, ilhali uliouawa ni mchakato mmoja? Mchakato ukiuawa ghafla, hifadhidata haiwezi tena kuamini kwamba eneo la pamoja limebaki salama. Hapo huisimamisha michakato mingine yote, kisha hujirekebisha kwa kusoma daftari lake la mabadiliko. Haukuwa ugonjwa, ilikuwa tahadhari. Ugonjwa ulikuwa mlinzi wetu.

Tuliiondolea programu ile uwezo wa kuua. Pia tulibadili kipimo, tukatumia kile kiitwacho Pss katika mfumo wa Linux, ambacho hugawa kila ukurasa wa pamoja kwa idadi ya michakato inayoutumia. Hifadhidata haijaanguka tena kwa sababu ile.

Jambo hili sasa tunalifundisha pasipo kompyuta. Tunaweka kamusi moja mezani na kuwaita wanachuo 10, kila mmoja na daftari lake. Tunamwuliza kila mmoja ana vitabu vingapi vya kufanyia kazi. Kila mmoja hujibu, "Viwili." Jumla ubaoni huwa 20, na juu ya meza vimo 11. Darasa hucheka, kisha huanza kufikiri. Ndipo tunapowauliza kila mmoja ahesabiwe sehemu gani ya kamusi.

Somo hilo halikutosha kulipa deni letu. Kwa kuwa tulimkemea mwenzetu hadharani, tulimwomba radhi hadharani, mbele ya darasa lile lile, tukamrudishia kazi yake. Yatupasa walimu kukumbuka kwamba chombo cha kupimia nacho hupimwa, na kwamba swali la mwanafunzi lisikilizwe kabla ya hukumu, si baada yake.