Kipande cha Mpingo Kijijini Mute

Gari ambalo habari zake twazieleza hapa ni Peugeot 404. Marehemu babetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alilinunua katika siku ambazo jina la gari hilo lilikuwa midomoni mwa watu wote wa Afrika Mashariki. Lilikuwa limeshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika mashindano ya 1963 na ya 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Babetu hakuchoka kutukumbusha hesabu hiyo kila tulipolalamikia uzee wa gari lake.

Yafaa wasomaji vijana waelezwe kwamba wenzo wa gia wa gari hilo haukutokea sakafuni kama ilivyo katika magari mengi. Umefungwa ubavuni mwa mhimili wa usukani, na giaboksi iko mbali nao. Kwa hiyo mkono wa dereva hutuma amri kwa vyuma vyembamba vinavyopokezana: mwendo mmoja huchagua safu ya gia, na mwendo wa pili huiingiza gia yenyewe. Kila panapokutana vyuma viwili pana bushi, yaani kipete cha plastiki, cha mpira au cha shaba, kinachozuia chuma kisile chuma. Bushi moja ikilika kidogo, dereva hana habari. Zikilika zote, ulegevu wa hii huongezwa juu ya ulegevu wa ile, hata wenzo ukawa unacheza mkononi bila ya gia kusogea. Mwisho wake gia mbili hushikana pamoja, na gari hufungwa papo hapo.

Hayo yote tuliyajua. Fundi wetu wa Masasi alikwisha kutuambia, "Mwalimu, bushi hizi zimekwisha. Zibadili kabla ya safari." Tukamjibu kwamba tutazibadili tukipata nafasi. Nafasi haikukosekana, iliyokosekana ni hima.

Mwezi wa Julai 2013 tuliletewa habari kwamba mjomba wetu, mkaazi wa Palma, yu taabani. Watu wa kando mbili za Ruvuma ni ndugu tangu kabla ya Wajerumani na Wareno kugawana nchi, na kwetu safari ile haikuwa ya ugenini. Tulivuka kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, tukapita Mueda, tukalala Mocímboa da Praia. Asubuhi tukashika njia ya Palma. Tulipofika Mute, tukakanyaga klachi ili tupunguze gia, wenzo ukaenda wote kama uliokatika, na gari likasimama.

Kijana mmoja mtengenezaji wa pikipiki alikuja na spana zake. Alifungua bonneti, akazirudisha gia mahali pake kwa mkono, kisha akatuonyesha kipande kilichovunjika. Yeye alikiita kwa Kireno, casquilho. Sisi tulikiita bushi, neno ambalo nalo tumelipokea kwa Waingereza. Kijana alivifunga vyuma kwa waya. Tukaenda hatua chache, waya ukakatika. Akafunga tena, ukakatika tena.

Alasiri ikapita gari ya mizigo iendayo Palma. Dereva akatuambia, "Pandeni, nafasi ipo." Tuliligeukia gari la babetu, tukaona vigumu kuliacha njiani usiku. Tukamshukuru, tukamwambia kwamba kesho tutakuwa tumekwisha kutengeneza.

Jioni tukapelekwa kwa mzee mmoja mchongaji, Mmakonde aliyehamia pale kutoka nyanda za juu za Mueda. Hakutuuliza jina la kile kipande. Aliuliza, "Kazi yake nini?" Tukamweleza. Akafikiri, akasema, "Basi kinataka kitu kigumu, chenye mafuta, kisichopasuka." Akaingia ndani, akatoka na kiini cha mpingo.

Mpingo ni mti mzito hata huzama majini, na ugumu wake pamoja na mafuta yaliyomo huufanya ustahimili kusuguliwa. Mafundi wa meli walijua siri kama hiyo: kwa miaka mingi mihimili ya kuzungushia rafadha iliegemezwa juu ya beringi za mti uitwao lignum vitae. Mzee alitoboa kwa keekee, akasawazisha kwa tupa, akapima, akapunguza tena, kisha akakitia kipande katika mafuta ya nazi mpaka asubuhi. Kilipotiwa mahali pake, gia ziliingia moja baada ya moja. Tulipotoa fedha alikataa kuzipokea. "Nendeni kwanza kwa mgonjwa," alisema. "Mtanilipa mkirudi."

Tulifika Palma baada ya sala ya adhuhuri. Mjomba wetu alikuwa amefariki usiku, na watu walikuwa wakirudi makaburini. Mkaza mjomba alitupokea bila ya lawama. Alisema tu kwamba mgonjwa alikuwa akituulizia kila aliposikia gari linapita.

Tuliporudi Mute tulimlipa mzee deni lake, na tulipofika Masasi tukabadili bushi zote zilizosalia. Ile ya mpingo hatukuitoa. Miaka minne baadaye, tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilianza Mocímboa da Praia. Na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Maelfu ya watu wa wilaya ile walikimbia makwao. Tangu hapo hatujamwona mtu aliyetuletea salamu za mzee wetu.

Ndugu walimu, sote tumefundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sote tumeisahihisha methali hiyo katika madaftari ya wanafunzi. Hata hivyo tulikuwa tukiendesha gari lenye ufa. Hivi sasa, mwanafunzi anapokosea upatanisho wa ngeli mara ya kwanza, hatumwambii tena kwamba tutalirekebisha muhula ujao. Tunaketi naye siku hiyo hiyo. Na kila mwaka, kabla ya safari ndefu, tunafungua bonneti, tunashika vyuma kimoja kimoja na kuvitikisa. Plastiki na shaba tumekwisha kuzibadili mara mbili. Kile kipande cha mpingo tunakipaka mafuta ya nazi, tunakirudisha mahali pake.