Nililipa Mia Tano Kumwona Mtu Akibeba Hewa

Wacha nianze kwa kukiri. Kabla ya Ijumaa iliyopita, mtu akiniambia "dansi ya kisasa," kichwani naona watu wamevaa kijivu, wanajiviringisha sakafuni, na watu wa maana wanapiga makofi polepole. Na mimi ndiye yule msichana wa Mutuini mnayemjua kwa video za kucheza za sekunde kumi na tano. Kwa hivyo si eti sijui dansi. Nilikuwa tu na dharau.

Rafiki yangu alikuwa na tiketi mbili, boyfriend wake akamwacha kwenye mataa, akaniuzia moja mia tano. Mia tano ni pesa, msinicheke. Lakini alikuwa na uso wa mtu anayehitaji kampani, nikaenda.

Ukumbi ulikuwa tao, karibu na Loita Street. Kazi nne mpya, watunzi wanne, jioni moja. Kama hujawahi kwenda, nikuambie inavyokuwa: taa zinazimwa, unaambiwa zima simu, halafu hakuna mtu wa kukuambia ucheke lini.

Ya kwanza ilikuwa ya wasichana watatu, bila muziki. Unasikia tu pumzi na miguu ikigonga mbao. Dakika ya tatu mkono wangu ulianza kutafuta simu wenyewe. Dakika ya tano nikagundua wanapumua pamoja, na mimi pia nimeanza kupumua nao. Ya pili ilikuwa na karatasi za plastiki na sauti za redio, na nitasema ukweli: ilikuwa ndefu na sikuielewa. Sitajifanya. Mtu akishindwa kukata kazi yake, mtazamaji ndiye anayeumia. Ya nne ilikuwa watu sita kwenye foleni ya matatu mvua ikinyesha, nauli ikipanda, na ukumbi mzima ulicheka kwa sababu sote tulijua tunatoka hapo tukaikute foleni hiyo hiyo nje. Na kweli tuliikuta.

Lakini ni ya tatu ndiyo imenifanya niandike.

Mwanamume mmoja, peke yake, T-shirt nyeupe. Anakunja miguu, anaingiza bega chini ya kitu ambacho hakipo, mkono mmoja unapanda kushika, halafu hatua ndogo ndogo za haraka hadi upande wa pili. Anashusha. Anarudi. Anabeba tena. Dakika kumi na mbili hivi, hiyo tu. Watu wa nyuma yangu walianza kunong'onezana. Mimi nilikuwa nimeganda.

Baba yangu amebeba nyama Dagoretti miaka kumi na tisa. Robo ya ng'ombe begani, kutoka ndani ya kichinjio hadi kwenye gari, kuanzia alfajiri watu wengine wakiwa wamelala. Mwaka jana mgongo ulikataa. Sasa anakaa kwenye kiduka cha Mathe, anauza mkate na kredo, na hataki kabisa kuongelea kazi ile. Ukiuliza, anatoka nje.

Yule dansa mwishoni aliacha kubeba. Akasimama tu, mikono imelegea, mbele yetu. Lakini bega la kulia lilibaki chini. Mzigo umetoka, bega halijaambiwa. Hivyo ndivyo Baba anavyokaa mezani akila. Nimeliona bega hilo maisha yangu yote nikidhani ni umbo lake.

Nililia. Rafiki yangu alidhani nimemkumbuka boyfriend wake.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na kumbe hii kitu si ngeni hapa kwetu. Miaka ya tisini, Opiyo Okach alianzisha Gàara hapa Nairobi pamoja na Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula, kijana wa Congo aliyekuwa akiishi hapa. Mwaka 1998 walikuwa na kazi inayoitwa Cleansing. Linyekula alirudi kwao, mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, baadaye akaihamishia Kisangani. Leo anajulikana duniani. Mwaka 2003 GoDown ikafunguliwa Dunga Road, kwenye ghala, na madansa wengi wakapata mahali pa kufanyia mazoezi. Mimi shule ilinipeleka Bomas, na nilifurahia, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuna Wakenya wanaotunga miondoko mipya kutoka kwa maisha ya leo. Na mahali pa kuwaona, miaka nenda miaka rudi, mara nyingi ni Alliance Française au Goethe. Nawashukuru Wafaransa na Wajerumani. Lakini bega la Baba ni letu.

Halafu hesabu. Baada ya shoo mtunzi mmoja alisema walifanya mazoezi miezi mitatu. Imeonyeshwa usiku mmoja. Video yangu ya sekunde kumi na tano naipika kwa lisaa limoja na inazunguka wiki nzima. Sijui niseme nini kuhusu hiyo, ila nimeona haya kidogo.

Jumamosi asubuhi nilimwonyesha Baba. Sikuwa na video, simu ilikuwa imezimwa, kwa hivyo nilicheza mwenyewe, hapo jikoni kati ya meko na mlango. Nikainama, nikaingiza bega, nikainuka. Alinitazama kimya. Nikajua anatoka nje.

"Mami, utajivunja," akasema. "Hauinuki na mgongo. Goti kwanza. Halafu unavuta pumzi na unaishikilia hadi kwa gari."

Akasimama kunionyesha. Mathe akapiga kelele akae chini, daktari alisema nini? Hakukaa. Alipanga miguu, akanisukuma bega mahali pake, akanieleza ni nyama gani inateleza, na kwa nini mtu mrefu hachukui paja. Nusu saa. Hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo kuhusu kazi iliyonisomesha.

Nikamwandikia yule dansa. Nikamwambia goti kwanza. Alijibu usiku huo huo, akauliza kama anaweza kuja Dagoretti kuongea na mzee.

Nikamwambia Baba. Akafikiria kidogo, akauliza, "Na yeye wanamlipa?"

Nikauliza. Jibu lilikuwa "nauli."

Baba akatikisa kichwa. "Basi mwambie aje. Chai itakuwa juu yetu."

Kwa hivyo wasee, wakiwa na shoo nyingine, lipeni mia tano. Ile ya plastiki mnaweza kusinzia, siwalaumu. Lakini msitoke kabla ya ya tatu.